Wimbo wa Maji ya Bwaise

Jannat alikuwa akirekebisha nguo za mitumba katika soko la Owino jijini Kampala, na nyimbo alizitunga huku mguu ukikanyaga cherehani. Hakuwahi kumwimbia mtu. Asubuhi hiyo alijipa moyo, akatuma wimbo wake wa kwanza kwenye kundi la watunzi la WhatsApp, wimbo wa mafuriko yaliyoingia nyumbani kwao Bwaise, akaomba maoni.

Hadi adhuhuri wengi walikuwa wameusikiliza, na hakuna aliyeandika neno. Jannat alishona mkono wa shati ukaenda upande, akaufumua. Mwishowe akashika simu ili aufute wimbo. Papo hapo ikalia. Alikuwa Jibril, mpiga kinanda wa harusini, ambaye kundi zima liliogopa ulimi wake.

"Dada Jannat, mbona mwanzoni unaimba kama unaomba radhi?"

"Ni mbaya, kaka? Naufuta sasa hivi."

"Nani kasema ufute? Kata ubeti wa kwanza. Anza pale maji yanapofika kitandani na mama anakunyanyua. Hebu imba nisikie."

"Hapa sokoni?"

"Hapo hapo."

Akaimba, sauti ikitetemeka, macho kwenye kitambaa. Alipomaliza, cherehani za majirani zilikuwa zimenyamaza.

"Kaka, upo?"

"Nipo," alisema polepole. "Mimi pia nimekulia Bwaise. Urekodi hivyo hivyo, uutume."

Akaurekodi, akautuma tena kundini. Kisha akaiweka simu kifudifudi, akaanza kuogopa upya.