Maji ya Matamba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kaka yangu Yohana amechuchumaa mbele ya mafiga, sufuria inatokota, naye kashika kipimajoto kama mtu aliyeshika yai. Mimi nachochea moto. Mama akapita akanung'unika kwamba tunammalizia kuni zake kwa kuchemsha maji yasiyopikiwa kitu.

Umenipigia simu ukasema umepata kazi ya kuandaa masomo ya kusomwa kwa simu, kwamba sasa mtu hatahama kwao kufuata shule. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila moyo wangu ulikwenda moja kwa moja kwa Yohana, na nisipokusimulia habari zake nitakuwa nimekunyima kitu.

Tulikuwa Matamba, kule juu kwenye baridi, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Malori ya watu binafsi yalianza kupanda kufuata viazi, mitumba ikajaa minadani, na vyuo vya kusoma kwa posta navyo vikachipuka. Yohana alikuwa amemaliza la saba akakosa nafasi ya sekondari. Alitaka uganga wa hospitali. Njia aliyobaki nayo ilikuwa kusoma peke yake, afanye mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Basi akajiunga na chuo kimoja cha posta. Bahasha zake zilifikia Makambako, kwenye sanduku la Mzee Shabani, mwenye malori aliyehamia pale kutoka Kondoa, na dereva wake akituletea kila alipokuja kupakia viazi.

Chuo kile kilikuwa na utaratibu wake. Hutumiwi somo linalofuata mpaka zoezi la hili lisahihishwe na upite. Somo la fizikia likasema chemsha maji, pima, andika yamechemka kwenye nyuzi ngapi. Kipimajoto walituma wenyewe. Yohana akapima, akapata tisini na tatu, akaandika hivyo. Mvua zikashuka, barabara ikawa tope, bahasha ikakaa njiani wee. Iliporudi ilikuwa na alama nyekundu ya kosa na maneno mawili tu: pima tena.

Ndiyo siku hiyo ninayokwambia. Alipima tena, ikawa tisini na tatu ileile. Baba alikuwa kakaa mlangoni.

"Kila aliyesoma anasema mia," Baba akamwambia. "Andika mia, usonge mbele."

"Baba, hiyo mia sijaiona."

"Unabishana na watu wa Dar es Salaam? Wao ndio wanaojua."

Yohana akatuma tisini na tatu yake, na chini akauliza kwa heshima zote anakosea wapi. Swali lile halikujibiwa na mtu. Karatasi ikarudi na kosa lilelile, na muda wa kujiandikisha kwa mtihani ukapita wakati somo jipya halijaja.

Hakugombana na mtu. Alianza tu kuamini kwamba kichwa chake kibovu, tena akawa anasema hivyo mbele za watu huku anacheka. Hicho ndicho kilichoniuma, na kinaniuma mpaka leo. Akaenda kupasua mbao.

Miaka ikapita, mimi nikawa nasoma ualimu, mkufunzi akatueleza kwamba mahali palipoinuka sana maji huchemka kabla ya kufika mia. Sikusikia tena alichofundisha siku ile. Likizo ilipofika nikamfuata Yohana msituni.

"Kaka, ulipima sawasawa," nikamwambia. "Ni huu mwinuko wetu."

Akaweka msumeno chini.

"Kumbe," akasema. "Sasa mbona hawakuniuliza natokea wapi?"

Akaushika tena msumeno. Alikufa mpasua mbao, na sikuwahi kumwona tena na kitabu mkononi.

Mwanangu, aliyeandika somo lile hakuwa mtu mbaya. Alikaa pwani, maji yake yakachemka kwenye mia, akadhani sote tunaishi pwani. Simu yako itafika haraka kuliko lori la Mzee Shabani, lakini na kumwambia mtu amekosa itamwambia haraka vilevile, na ninachoogopa ni kwamba upande wa pili itasahihisha mashine tu, hatakuwepo hata yule wa kalamu nyekundu. Sikufichi, sioni mambo yakiwa mepesi. Kwa hiyo kabla hujaandika somo, nenda ukakae na watakaolisoma, wa Manda kule ziwani na wa Matamba kwenye ukungu. Mwekee mwanafunzi mahali pa kuuliza, na uweke mtu wa kumjibu, mtu kabisa. Akikupa jibu usilolitegemea, muulize kwanza amelipataje na yuko wapi.

Mungu akujalie sikio la kuwasikia watu usiowaona, na asiwepo mtoto wa mtu atakayejiita mjinga kwa sababu ya kazi ya mikono yako.