Aliyevipa Vitenge Majina

Tevi alikuwa bingwa wa ujasiriamali. Pale Lomé hakuna aliyelipinga hilo, maana lilikuwa limeandikwa kwenye kadi zake, tena kwa wino wa dhahabu. Kila Jumamosi alikodi ukumbi wa hoteli, akavaa suti, akawafundisha vijana siri za mafanikio: amka alfajiri, ota ndoto kubwa, usiogope kushindwa. Yeye mwenyewe aliamka saa tatu, na maishani mwake hakuwahi kuuza hata kiberiti. Ukumbi alilipia mkewe. Suti alinunua mkewe. Kuhusu kushindwa, tumpe haki yake, kweli hakuogopa.

Mkewe ndiye Ayoko, na huyu hakuwa na kadi. Alikuwa na meza ya vitenge vya jumla kwenye ghorofa ya soko kuu. Miaka mingi alikunja vitenge vya mama mmoja tajiri kabla hajathubutu kuagiza vya kwake. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa wa rangi ya manjano, umejaa picha za masanduku ya safari, makubwa kwa madogo. Akiba yake yote ilikuwa imelala mle. Usipotoka, angerudi kukunja vya watu.

Kanga huja na maneno yake yameshachapwa. Kitenge cha Lomé hufika bubu, na muuzaji ndiye anayekipa jina. Mwanamke wa kule hanunui rangi, ananunua neno la kumwambia jirani, mke mwenza au mume bila kufungua mdomo. Jina likishika, wachuuzi wa Cotonou na Accra wanapigania majora. Lisiposhika, kitenge kinaishia kufunika cherehani.

Ayoko, kama mke mwema, akamwomba ushauri bingwa aliyenaye nyumbani.

"Kiite 'Maono ya Mafanikio'," Tevi akasema, huku akichovya tonge la akume, ugali wa kwao, kwenye mchuzi wa bamia. "Watu wanataka matumaini."

"Sasa baba Ayite, mwanamke atamvalia nani ujumbe huo?"

"Ndiyo maana biashara zenu hazikui. Mnawaza umbea tu."

Basi kikaitwa hivyo, na kikadoda vibaya mno. Wateja walikishika, wakakigeuza, wakauliza jina, wakakirudisha taratibu kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe akagundua amelowa. Akwele, mwenye meza ya pili, aliyekuwa rafiki yake asubuhi na mshindani wake mchana, hakumwonea huruma.

"Shoga, hicho kitenge au sare ya wapagazi?"

"Kitatoka."

"Eeh, kitatoka. Kitatoka hapa kiende kwa mchwa."

Katikati ya balaa hilo Tevi akafunga virago. Kati ya wanafunzi wake alikuwepo binti mmoja, Blandine, aliyeota ndoto kubwa kuliko wote, na ndani ya ndoto hiyo akamtia mwalimu. Tevi aliondoka mchana kweupe, siku ya Jumapili, majirani wakitoka kanisani, anaburuta sanduku la magurudumu ambalo Ayoko alilinunua kwa pesa yake. Gurudumu moja lilikuwa bovu. Likapiga kelele mtaa mzima, hata waliokuwa jikoni wakatoka kuona.

Kesho yake soko lote lilishajua. Ayoko alifika macho yamevimba, akasalimiwa kwa adabu isiyo ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi. Alimpenda yule mwanamume. Ni aibu kulisema, lakini alimpenda, na uvivu wake, na kadi zake, na alitaka arudi.

"Mama, na hiki cha masanduku kinaitwaje?" akauliza mchuuzi mmoja wa Cotonou.

Akwele akakohoa. Ayoko akamtazama Akwele, akatazama yale masanduku, hasira ikampanda.

"Kinaitwa 'Nenda, ila sanduku langu uache'!"

Kicheko kikaanza mezani kwa Akwele, kikashuka ngazi, kikafika mpaka kwa wauza pilipili. Yule mchuuzi alichukua majora yote ambayo gari lake lingeweza kubeba, na wiki haikuisha kabla mzigo haujaisha.

Mji mzima ukakivaa. Wanawake watatu walikishona, wakaenda kuketi safu ya mbele kwenye semina ya Tevi, wamekunja mikono, wanamsikiliza akifundisha kujiamini. Mama mzazi wa Blandine naye alikishona, akaapa kwamba amependezwa na rangi tu.

Hapo ndipo Mzee Ekwe, baba mdogo wa Tevi, alipokuja nyumbani kwa Ayoko na chupa ya sodabi, pombe kali ya kwao, kwa heshima zote za mpatanishi.

"Mwanangu, mumeo yuko tayari kurudi. Ila lile jina ulifute."

"Baba, nitalifuta na nini? Limeshafika Kinshasa."

"Basi lisifuatiwe na jingine. Neno la nyumbani libaki nyumbani. Hilo tu ndilo analotaka. Ukirudia, harudi tena, na mimi sitakuja."

"Nimekubali, baba. Aje."

Alikubali kwa moyo wote. Akasuka nywele, akanunua manukato, akabadilisha shuka.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani kimyakimya. Lakini bingwa hawezi kitu bila hadhira. Tevi alikwenda sokoni, Ijumaa, saa ambayo mzigo wa pili wa Ayoko ulikuwa unafunguliwa. Ulikuwa wa kijani wenye vidoa vyeupe, na hakuna aliyejua vidoa hivyo ni vitu gani. Wachuuzi wa miji mitatu walikuwa wamebanana pale wakisubiri jina. Tevi akapenya katikati yao, akapiga magoti.

"Ayoko," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, siyo ile ya ukumbini. "Huko nakula, sishibi."

Pengine lilikuwa neno la kwanza la kweli kutoka kinywani mwake. Moyo wa Ayoko ukayeyuka. Palibaki kumshika mkono tu, amwinue, waende nyumbani, yaishe.

Lakini mkono wa Akwele ulikuwa umeshalala juu ya jora la kijani.

"Shoga," akanong'ona, "umelisikia hilo?"

Alilisikia. Alilisikia kama mke, kisha, Mungu amsamehe, akalisikia kama muuzaji. Vile vidoa vyeupe vikageuka mbele ya macho yake, vikawa punje za wali zilizobaki kwenye sahani. Tevi aliinua uso, akaona macho ya mkewe yamemhama, yametua kwenye kitambaa, na yule mwalimu wa biashara akaielewa biashara kwa mara ya kwanza.

"Usifanye hivyo, mama Ayite. Nakuomba."

Ayoko akalivuta jora la kijani kwake. Kisha akasema, polepole, ili wa Cotonou washike vizuri:

"Kinaitwa 'Huko nakula, sishibi'."

Ghorofa nzima ikalipuka. Tevi alisimama, akakung'uta magoti, akashuka ngazi akisukumwa huku na huku, maana hakuna aliyempisha, kila mtu alikuwa anapigania jora.

"Wewe mwanamke huna roho," Akwele akasema, kwa sauti ya kumsifu.

Ayoko alikuwa analia waziwazi, machozi yanashuka mpaka kidevuni, huku mikono yake inahesabu majora bila kukosea. Mchuuzi mmoja wa Accra aliyatazama machozi yale kwa makini, kisha akamuuliza, kwa heshima zote, mzigo unaofuata utafika lini.