Kinyozi Aliyepotelewa na Harufu

Wateja walimwita Pua, na yeye hakulikataa jina hilo, kwa sababu lilikuwa limemlisha kwa miaka kumi na tisa. Vinyozi mtaani walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa na vioo vikubwa kuliko chake. Ila hakuna mwingine aliyeweza kufungua dumu la mafuta ya lozi, kulipitisha chini ya pua mara moja tu, na kumwambia muuzaji wa jumla, "Humu umetia alizeti, ndugu yangu, tena si kidogo."

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja. Ilikuwa na kiti cha kuzunguka ambacho kilizunguka upande wa kushoto tu, benchi la watu watatu, na rafu yenye chupa sita za kioo zilizofanana kama ndugu wa tumbo moja. Alinunua mafuta kwa madumu akayamimina humo: lozi, nazi yenye waridi, mnyonyo kwa nywele kavu, mnanaa wa kupooza kichwa, toniki ya spiriti ya kupaka kidevu baada ya wembe, na mchanganyiko wake mwenyewe wa karafuu na ganda la limau. Hakubandika karatasi juu ya chupa hata moja. Ya nini, na pua anayo?

Wala hakumwuliza mteja anataka nini. Mjomba wake, aliyemfundisha kazi, alimwambia kuwa mafuta yale yale humnukia mtu mmoja vizuri, na kwa mwingine yakageuka yakawa kama kitambaa cha jikoni, kwa kuwa kila ngozi ina jasho lake. Basi Pua alimpaka mteja tone moja nyuma ya sikio, akaendelea kunyoa upande wa pili, kisha baada ya dakika kumi akainama, akavuta pumzi kidogo, akaamua. "Wewe si mtu wa lozi," angesema. Mteja angeipokea hukumu hiyo kama cheti cha daktari.

Halafu yakaja mafua yaliyomlaza siku tisa. Aliponyanyuka, chai haikuwa na harufu, sabuni haikuwa na harufu. Alimbeba mjukuu wake mchanga, akamwinamia utosini, mahali ambapo watoto hunukia utoto wao, akavuta pumzi mpaka mbavu zikamwuma. Hakusikia kitu. Kesho yake alifungua chupa zote sita, na kama zingekuwa na maji ya bomba asingejua tofauti. Daktari wa zahanati alimwambia harufu inaweza kurudi, inaweza kuchukua miezi, na kwamba asimwulize lini kwa sababu hata yeye hajui.

Pua alijikaza, akafungua saluni. Mteja wake wa tatu siku hiyo alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kunyoa kipara kwa wembe kila wiki mbili. Yeye baada ya wembe hupakwa lozi. Pua akashika chupa aliyoiamini, kumbe ni ya spiriti. Mwalimu aliruka kitini kama aliyekalia siafu.

"Ni nini hiki, Pua?"

"Ngozi yako leo ina joto, Mwalimu. Labda ni jua."

Mwalimu akakubali, akajipapasa kichwa taratibu, akaenda zake. Kule kukubali ndiko kulikomwuma kinyozi kuliko kama angetukanwa.

Jioni mkewe alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho. "Umemchoma Mwalimu?"

"Nani kakwambia?"

"Mke wake. Anasema siku hizi jua ni kali mpaka linachoma watu ndani ya saluni."

Ndipo Pua alipomweleza yote. Mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa shule na mtu asiyependa maneno mengi, alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi alimfuata saluni na kibunda cha uzi mweusi, akanusa chupa moja moja, akazifunga shingoni: fundo moja lozi, mafundo mawili nazi, na kuendelea hadi sita.

"Sasa huchomi mtu," alisema.

"Na kuchagua je?"

Mkewe alikunja uzi uliobaki, akaenda kuwapikia wanafunzi.

Kwa wiki sita Pua aliishi kwa mafundo na kumbukumbu. Wateja wa zamani aliwapaka kilekile cha siku zote. Wageni waliotaka kuchaguliwa aliwaambia mafuta yamechelewa kufika, waje wiki ijayo. Wengine hawakurudi. Akiwa peke yake alizitazama zile chupa akiwaza kwamba siku watu watakapojua, hata jina itabidi awarudishie.

Jumamosi moja, karibu na saa sita mchana, fundi saa wa mtaa ule aliingia. Alikuwa mgane wa miaka sita, mtu wa shati safi na maneno machache. Alikaa kitini, akasubiri shuka lifungwe shingoni, akamtazama Pua kupitia kioo.

"Kesho nimealikwa chakula cha mchana kwa yule mama mshonaji."

"Yule wa duka la kona?"

"Huyo huyo. Wanawe wawili watakuwepo, madume marefu kama nguzo. Nichagulie kitu, Pua. Nisinukie kama duka la dawa, na nisinukie kama babu yao."

Mwalimu, aliyekuwa benchini akisubiri zamu, alikohoa nyuma ya gazeti lake.

Pua alipaka tone la karafuu nyuma ya sikio la fundi. Akanyoa upande wa pili, polepole kuliko kawaida. Dakika kumi zikaisha. Akainama. Alichokipata ni joto la shingo ya mtu, basi. Fundi saa alikuwa amefumba macho, mikono juu ya magoti, akingoja. Maneno "hii ndiyo yako" yalishafika mdomoni, na hakuna mtu duniani ambaye angeyapinga.

"Fundi, sisikii," alisema.

"Husikii nini? Mbona sijasema kitu."

"Harufu. Wiki ya saba sasa, sisikii harufu yoyote. Nikikuchagulia nitakuwa nabahatisha, na kesho yako si ya kubahatisha."

Mashine ilikuwa bado inanguruma mkononi mwake. Akaizima. Mwalimu alilikunja gazeti mara mbili, kwa uangalifu.

"Kwa hiyo ngozi yangu haikuwa na joto."

"Haikuwa, Mwalimu. Nilikupaka spiriti. Nisamehe."

"Na mimi nimenunua kofia." Mwalimu alijishika kipara. "Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa maisha yangu yote, Pua, ila hiyo ni mara ya kwanza yananichoma."

Fundi saa alianza kucheka, na shuka likatikisika hadi nywele zikamwagika sakafuni. Kisha akatoa mkono chini ya shuka. "Lete hizo chupa nizione."

Pua akazipanga kwenye sinia, akamwekea mapajani. Fundi alizifungua kama anavyofungua saa, bila haraka, kila kifuniko mahali pake. Kwenye chupa ya nne alisita.

"Hii ndiyo unayonipaka siku zote?"

"Ndiyo, mnanaa. Ilikukaa vizuri sana."

"Mimi huenda moja kwa moja kuoga nikitoka hapa."

"Miaka yote?"

"Kumi na mmoja. Nilikuwa nitakwambiaje? Nani abishane na Pua?"

Pua alikaa benchini, kwenye nafasi ya wateja, mahali ambapo hakukumbuka lini alikaa mara ya mwisho. Alitaka kuumia. Badala yake alijikuta akitabasamu, na akashangaa.

Fundi alijipaka lozi sikio la kushoto, karafuu ilikuwa tayari kulia. "Mwalimu, hebu njoo uninuse."

"Nimefundisha hesabu miaka thelathini, sijawahi kuombwa jambo hilo." Lakini alikwenda, akanusa. "Kulia unanukia keki. Kushoto unanukia wakili."

"Sasa mimi niende nikiwa keki au wakili?"

Mke wa Pua alikuwa amefika mlangoni na bakuli la chakula cha mumewe. Alipoelezwa, aliweka bakuli chini, akamnusa fundi pande zote mbili bila kucheka. "Kushoto. Kulia unanukia mtu anayeficha kitu."

"Lozi," alisema Pua. Akadondosha tone kidoleni, akalisugua kwa gumba, na vidole vikaanza kumwambia mambo. "Hii itakaa hadi jioni. Waridi ingekimbia kabla hamjanawa mikono. Ila paka kidogo, na upake kabla ya shati, usije ukaacha alama kwenye kola." Hakuna hata moja katika hayo aliyokuwa ameyajua kwa pua.

Jumatatu saluni ilifunguliwa kama kawaida. Chupa zilikuwa na karatasi, kwa mwandiko mzuri wa Mwalimu. Kabla ya saa nne mlango ulijaa vijana wawili warefu kama nguzo.

"Ni wewe kinyozi asiyesikia harufu?" aliuliza mkubwa wao. "Fundi saa katuelekeza. Amesema kwako mtu hujichagulia."

"Na chakula kilikwendaje?"

"Mama kamwambia aje tena Jumapili."

"Basi kaa," alisema Pua, akamwekea sinia mapajani. "Niambie, mwanangu. Wewe unapenda nini?"