Vitoto vya Mkonge

Kabla ya mambo nitakayoyaeleza, ardhi iliyo nyuma ya Kilole, mjini Korogwe, ilikuwa imeachwa kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna mtu aliyeifikiria kuwa ni mali. Shamba la mkonge lililowaleta babu zetu kutoka kusini na magharibi ya nchi lilikuwa limekwisha kufa. Korona, kile kiwanda kilichosaga majani ya mkonge mpaka zikabaki nyuzi nyeupe, ilikuwa imebaki kuta nne na mfereji mkavu. Laini, yaani zile safu za vyumba vya wafanyakazi, bado zilikuwa na watu. Tulikuwa Waislamu na Wakristo, wajukuu wa watu wa makabila yasiyopungua kumi, na tulizungumza Kiswahili hata ndani ya nyumba, kwa sababu hapakuwa na lugha nyingine iliyotutosha sote. Wengine walilima mahindi pembezoni mwa shamba la zamani, wengine waliuza vitu stendi, wengine waliendesha bodaboda. Mimi nilikuwa nimekwenda kufundisha Handeni na kubaki huko, katika mji mkavu ambako maji hununuliwa kwa dumu, na nilirudi laini kila shule zilipofungwa.

Nyuma ya laini palikuwa na makaburi. Njia moja ya miguu iliyagawa: upande wa juu Wakristo, upande wa chini Waislamu. Saruji ilikuwa haipatikani kwa watu wa kipato chetu, na msalaba wa mbao huliwa na mchwa kabla ya mwaka kwisha. Kwa hiyo wazee wa kwanza wa kambi walianzisha desturi ambayo sijaikuta mahali pengine popote. Kichwani mwa kila kaburi walipanda mkonge mmoja. Mkonge hauhitaji kumwagiliwa, ng'ombe hawaujali, na moto wa kiangazi ukipita huunguza majani tu. Lakini mkonge nao una mwisho wake. Baada ya miaka kadhaa hutoa mlingoti mrefu kuliko paa la nyumba, kisha hukauka na kuanguka, na chini yake huwa umekwisha kuacha vitoto vingi. Hapo ndipo kazi ya waliobaki huanza. Ni lazima mtu aje, achague kitoto kimoja, akipande palepale kichwani, na ang'oe vingine vyote. Asipokuja, vitoto husambaa, na baada ya miaka michache hakuna awezaye kusema kaburi liko wapi ndani ya kichaka.

Mama hakuwahi kukosa. Alikuwa Mshambaa wa Lutindi, binti wa watu wa misheni, aliyeshuka mlimani akiwa kijana na kuolewa na mkata mkonge, jambo ambalo ndugu zake walilinung'unikia kwa muda mrefu. Baba alipofariki, kaka zake walimwambia arudi juu, kwenye hewa baridi na makaburi ya kwao. Alikataa. Alikuwa na haja moja tu iliyobaki duniani, na aliitaja waziwazi bila huzuni, kama mtu anayetaja basi atakalopanda: alitaka azikwe kando ya mume wake.

Kisha ardhi ikapata mwenyewe. Mwekezaji, ambaye hatukupata kumwona, alipewa eneo lote kuanzia korona hadi makaburini ili ajenge nyumba za kisasa, zote ndani ya ukuta mmoja wenye geti moja. Tuliitwa mkutanoni. Afisa aliyetumwa alikuwa kijana mwenye adabu, aliyewasalimu wazee mmoja mmoja kabla ya kuketi. Akaeleza kwamba laini hazitaguswa kwa sasa. Kuhusu makaburi, kila kaburi lenye alama litahamishiwa makaburi ya mji kwa gharama za mwekezaji, kwa sala na kwa heshima.

Mama alinyoosha mkono. "Baba, na wenza wao je? Nafasi ya pembeni itakuwepo?"

"Itakuwepo, mama. Kila familia itapewa nafasi yake. Ila usiwe na haraka ya kuitumia."

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akatengeneza kanga yake magotini. "Sina haraka, mwanangu. Nataka tu kujua nitakapolala."

Neno lililobaki vichwani mwa watu baada ya mkutano lilikuwa "alama". Wengi walikuwa na wafu wao pale, wakijua walipo kwa kumbukumbu: huyu karibu na mgunga, yule mkabala na kona ya njia. Mikonge yao ilikuwa imekufa au imegeuka vichaka. Waliona, kwa mantiki ambayo hata leo siwezi kuilaumu, kwamba kama kinachokosekana ni mkonge, basi dawa yake ni kupanda mkonge. Na mwenye vitoto alijulikana. Mkonge wa baba ulikuwa umetoa mlingoti na kufa mwaka huo. Wakati wa mvua za vuli mama alikuwa amepanda kimoja kichwani pake, na vilivyobaki, kwa kuwa hakupenda kutupa kitu chenye uhai, alivipanga kwenye kivuli nyuma ya chumba chake.

Wa kwanza kuja alikuwa jirani yetu, mjane aliyekaanga vitumbua mlango wa pili.

"Mama Mwalimu, hodi. Wewe una mikonge ya kuanzisha shamba, na mimi mzee wangu yuko kule hana hata jani. Nipe kimoja, asije akaachwa stendi wenzake wakihama."

"Akiachwa si ataita bodaboda?"

"Yule? Enzi za uhai wake basi lilimwacha kila mkutano wa ukoo. Hajabadilika, nakwambia."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Chukua viwili. Kimoja kikikataa, kingine kitashika."

Baada yake wakaja wengine, wa upande wa juu na wa upande wa chini. Mama akawapa wote. Wakaitana msaragambo, kazi ile ya pamoja tuliyozoea, wakafyeka vichaka, wakafagia njia, wakasaidiana kukumbuka. Walibishana kwa upole ni nani alilala wapi, na palipokuwa na shaka walimwita mtu mzima zaidi. Jioni yake makaburi yalikuwa safi kuliko nilivyopata kuyaona tangu utoto wangu: mikonge midogo imesimama safu kwa safu juu ya udongo mwekundu uliochimbuliwa. Watu walirudi majumbani wakiwa na furaha ya kazi iliyokwisha vizuri.

Afisa alikuja siku ya tatu na wasaidizi wawili. Nilikuwa nimesimama na mama. Alituamkia, akaitikiwa, kisha akatazama safu zile. Akainama, akashika mkonge mmoja na kuuvuta. Ukatoka bila ubishi wowote, mizizi ikiwa mifupi na mikavu. Akavuta wa pili, ukatoka. Akavuta wa tatu.

"Mama, hii mmepanda lini?"

Mama alijibu kwa fahari, kama mwenyeji anayesifiwa nyumba yake. "Juzi, baba. Tumepanda wote, tumesaidiana."

"Kwa hiyo kabla ya juzi hapa hapakuwa na kitu."

"Palikuwa na watu."

Afisa akawatazama wasaidizi wake. Nadhani ni wakati huo mama alipoelewa. Akamsogelea, akamwonyesha mkonge wa baba, uliokuwa mkubwa kidogo kuliko mingine.

"Huu wa kwangu ni wa vuli, mwanangu. Umeshika. Uvute uone."

"Inatosha, mama. Nimeona."

Hakuugusa.

Taarifa iliyofika mjini ilisema kwamba wakazi walipanda alama za bandia ili wadai fidia, na kwamba hakuna kaburi hata moja lililothibitika. Nilikwenda ofisini mara kadhaa. Nilieleza desturi ile tangu mwanzo wake. Nilieleza kwamba mmea kuwa mpya hakuufanyi ukumbusho kuwa mpya, na kwamba kwa asili yake mkonge wa kaburini hauna budi kupandwa upya. Niliomba wachimbe mahali pamoja tu, mahali pa baba, mbele ya mchungaji wetu. Mkuu wa yule afisa alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mwalimu, hoja yako naielewa. Lakini nifanye nini na alama ambayo wenyewe wamekiri waliipanda juzi? Nikichimba kwako, nichimbe kwa wote. Na kwa wote nianzie wapi?"

Nimefundisha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu namna ya kupima hoja. Niliipima hiyo nikiwa ndani ya basi la Handeni, na kwa siku nyingi baadaye. Ilikuwa imeundwa vizuri. Sikupata pa kuivunjia.

Jirani wa vitumbua alikuja kwa mama, safari hiyo bila utani. Alisimama mlangoni na kanga imemfunika mpaka kidevuni.

"Dada, ningemwacha mzee wangu bila jani, leo wako angehama."

"Usiseme hivyo," mama alimjibu. "Ningekunyima, ningelalaje?"

Greda lilipita kabla ya masika. Nyumba zilijengwa upesi: vigae vyekundu, matangi makubwa, nyasi zinazomwagiliwa asubuhi na jioni, wakati bomba la laini, mita chache nje ya ukuta, lilitoa maji siku lilipopenda. Sitaki kudai kwamba waliohamia mle ni watu wabaya. Wengi walitoka mbali, wakanunua walichouziwa.

Mara moja mama aliniomba nimpeleke. Getini mlinzi alituamkia vizuri.

"Mnakwenda nyumba ya nani, bibi?"

"Sijui ni ya nani sasa. Ni pale penye mgunga."

"Mgunga? Humu hamna mgunga, bibi. Kuna mitende ya mapambo."

Gari likatokea kutoka ndani, likasimama. Mwanamke wa makamo akateremsha kioo, akamwamkia mama, akauliza kama kuna shida. Mlinzi alisema hatujui nyumba tunayokwenda. Yule mwanamke akatutazama kwa huruma ya kweli.

"Mama, kama ni kazi mnatafuta, kwangu nahitaji binti wa kusaidia nyumbani. Una mjukuu?"

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Wajukuu wangu wanasoma."

Gari likaondoka. Mama alisimama kidogo akitazama kati ya nondo za geti, akitafuta mahali pa kuanzia kupima kwa macho, korona au kona ya njia, na hakukuwa na hata kimoja. Kisha akanishika mkono, tukarudi laini kwa njia ndefu inayozunguka ukuta.

Alifariki mwaka uliofuata. Ndugu zake waliteremka kutoka Lutindi kumzika, na jirani wa vitumbua aliongoza wimbo. Alizikwa katika makaburi ya mji, kati ya watu wawili ambao hatukuwafahamu.