Tumbaku Iliyoitwa Mkwe

Karakana ile ilitengeneza tumbaku ya kiko ya aina mbili tu, na zote mbili zilikuwa na majina ya ukoo. Ya kwanza, nyepesi na yenye utamu wa mbali, iliitwa Shemeji, kwa sababu ungeweza kukaa nayo vyovyote upendavyo, ukaitania, ukaiacha ikazima, ukaiwasha tena, isinune. Ya pili iliitwa Mkwe. Mbele ya Mkwe hakuna mtu aliyenyoosha miguu. Ulikaa wima, ukavuta polepole, ukawa na heshima zako. Mgeni asiyejua adabu hiyo, akaivuta kwa pupa, alishikwa na kwikwi, kisha jasho, kisha akaomba kiti. Kama alikuwa tayari amekaa, aliomba ndoo.

Mtengenezaji wa Mkwe alikuwa mzee mfupi mwenye kifua kipana na sauti ya kukwaruza. Mtaa mzima ulimwita Fundi Ulimi. Alikuwa mjane, na aliishi chumba cha nyuma ya karakana pamoja na binti yake, ambaye yeye alimwita Kopo, kwa kuwa alipokuwa mchanga alilazwa ndani ya kasha la makopo matupu ili wazazi wafanye kazi. Sasa Kopo alikuwa mwanamke mzima aliyekwisha kuolewa na kurudi nyumbani, na makopo yote yalipita mikononi mwake. Yeye ndiye aliyechambua majani, akatoa uti wa kila jani, akakata, akajaza, akafunga. Kuonja tu ndiko ambako hakukuwa kwake.

"Kazi ya mikono ni yako," baba yake alikuwa akimwambia. "Kazi ya ulimi niachie mimi."

Na kazi ya ulimi ilifanyika hivi. Marobota yalikuwa ya aina tatu: majani yaliyokaushwa juani, yaliyokaushwa kivulini, na yale meusi yaliyotundikwa juu ya moshi wa kuni mpaka yakanuka jiko. Shemeji alikuwa mtoto wa jua, kivuli kidogo. Mkwe alichukua yote matatu, lakini jani la moshi ndilo lililompa ukali wake, na hilo hupimwa kama mpishi apimavyo pilipili. Mchanganyiko ulinyunyiziwa maji ya sukari, ukakandamizwa chini ya chuma, ukalala humo hadi uive. Ukishaiva, Fundi Ulimi alichukua kifinyo, tumbaku kidogo ya kushikwa kwa vidole viwili, akakiweka shavu la kushoto, pembeni ya ulimi, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo, akatema, akasukutua. Ndipo alipojaza kiko akawasha. Hakuna kopo lililotoka mlangoni kabla ya ibada hiyo, na ukimsemesha katikati yake ulikuwa umejitafutia matusi.

Alipokuwa na furaha alipenda kueleza anachokipata. Mkwe hupiga hodi kwanza, alisema. Huja na utamu wa sukari iliyoungulia sufuriani. Ukishamkaribisha unasikia ngozi ya kiatu kipya, halafu moshi, kama umeingiza kichwa jikoni penye kuni mbichi. Kisha pilipili hupanda puani. Mwisho kabisa hushuka, akaketi kifuani, na hapo haondoki mpaka aage mwenyewe.

Kopo alimsikiliza akitikisa kichwa kama mtu asiyejua. Ukweli ni kwamba alijua kila hatua ya safari hiyo. Tangu usichana wake, baba alipotoka kwenda kubishana na wauza majani, alikuwa akiiba kifinyo na kukiweka palepale alipomwona baba akiweka, shavu la kushoto. Mwanzoni ilimtapisha. Baadaye ilimtuliza. Siku hizi alichambua majani akiwa na kifinyo shavuni, mikono ikienda kasi, na alikuwa hodari wa kukitema asikiapo mlango. Ilikuwa siri yake ndogo, na alijionea fahari nayo.

Shida ilianza na Mzee wa Saa. Huyu alikuwa fundi saa mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, rafiki wa Fundi Ulimi tangu ujana wao, na hakuvuta ila Mkwe. Tumbaku ya Shemeji aliiita maji ya moto. Siku moja aliingia na kopo lake likiwa limejaa, akaliweka mezani taratibu, akamwuliza mwenzake kama Mkwe amegombana na mtu. Siku hizi ana hasira, alisema. Anaingia bila hodi.

Fundi Ulimi alicheka. Alimjibu kwamba ni uzee, kwamba mwisho atamkuta ananyonya Shemeji kwa mrija. Lakini Kopo, aliyekuwa akifunga makopo pembeni, hakucheka. Alikuwa ameona mambo. Alikuwa ameona baba yake akionja, akikunja uso, akirudi kwenye robota jeusi na kuongeza konzi ya jani la moshi. Msimu uliofuata akaongeza konzi nyingine. Wakulima wamekuwa na haraka, alilalamika. Jani limepoa, halina roho. Na Kopo, ambaye kifinyo chake kilimwambia kinyume kabisa, hakuweza kusema. Angesema ameonja kwa ulimi wa nani?

Basi akakaa kimya. Huu ndio ukimya uliomtesa baadaye, na mimi siwezi kumlaumu sana. Mtu aliyekatazwa kujua hupata taabu kusema anachokijua.

Robota jeusi lilipungua upesi kuliko mengine. Harufu ya karakana ikabadilika, ikawa nzito, ikashika nguo na nywele, hata unga wa ugali uliokaa chumba cha nyuma ukawa na ladha ya moshi. Wateja wa Mkwe walianza kuja mara chache. Mmoja alirudi kwenye sigara. Mwingine aliagiza Shemeji bila kuinua macho, kama mtu anayekiri ameshindwa. Fundi Ulimi aliwaita wote watu laini. Hakuambilika. Na kulikuwa na jambo jingine lililomkosesha Kopo raha: mezani baba alikuwa amehamishia chakula upande wa kulia wa mdomo, na alikuwa akinyunyiza chumvi juu ya chakula ambacho Kopo alikiona kimekolea. Alipomuuliza, alimjibu kuwa mapishi yake yamekuwa ya mgonjwa.

Kisha Mzee wa Saa akaanguka. Alikuwa ameketi kwenye meza yake ya kazi, kiko mdomoni, na mteja aliyekuja kuchukua saa alimkuta chini, mweupe midomo, akitapika. Hakufa. Alilala siku nzima, akaamka, na jambo la kwanza alilofanya ni kuvuka barabara, huku akishikilia ukuta, akarudisha kopo.

Alimwambia Fundi Ulimi kwamba amevuta Mkwe muda wote wa utu uzima wake na hajawahi kupigwa naye. Kwamba kilichomo ndani ya kopo hili si Mkwe. Fundi Ulimi akachukua ule mchanganyiko, akaweka shavuni, akafumba macho. Kopo na Mzee wa Saa wakamngoja. Alipofumbua alisema tumbaku haina kosa lolote, isipokuwa labda bado ni laini, na kama tumbo la mtu limechakaa basi mtu huyo asilete tumbo lake karakanani kwake.

Mzee wa Saa alimwangalia. Hakukasirika. Uso wake ulijaa huruma, na huruma hiyo ilimtia Kopo hofu kuliko ugomvi wowote. Alipofika mlangoni alimwita Kopo pembeni.

"Mwanangu," alisema, "baba yako haonji tena. Anakumbuka tu."

Kopo hakulala vizuri. Asubuhi alipiga moyo konde, akafanya jambo ambalo kwenye karakana ile lilikuwa sawa na kutukana. Alichukua kiko cha baba yake, akakijaza jani la moshi tupu. Jani hilo halivutwi peke yake. Hata wanaolikausha hawalivuti. Akamwambia ni Mkwe mpya, ametoka kwenye chuma, na kwamba ameogopa kujaza makopo kabla baba hajampitia. Alijiapiza kwamba baba akikohoa tu, akikunja uso tu, atamnyang'anya na kuomba radhi kwa magoti. Aliomba akohoe.

Fundi Ulimi aliwasha. Akavuta mara moja, akaachia. Akavuta tena. Moshi mweusi mweusi ulijaa kati yao, wenye harufu ya nyumba iliyoungua. Jasho lilianza kumtoka kipajini, likashuka kwenye nyusi. Vidole vilivyoshika kiko vikaanza kutetemeka. Mwili wake wote ulikuwa umeshajua, isipokuwa mdomo.

"Bado," alisema. "Huyu ni mtoto wa Mkwe. Mwenyewe hajafika."

Kopo alinyoosha mkono akakichukua kiko.

"Baba, hiyo siyo Mkwe. Ni jani la moshi tupu."

Alitegemea matusi. Mzee alikitazama kiko mkononi mwa binti yake, akatazama robota jeusi, akajifuta jasho na kuutazama mkono uliolowa. Kisha akaketi juu ya kasha la makopo, akawa mdogo ghafla.

"Tupu?"

"Sikuchanganya hata chembe ya kitu kingine."

"Njoo huku dirishani," alisema. "Niangalie humu. Mimi nimeogopa kioo."

Akafungua mdomo. Kopo alimshika kidevu, akageuza uso wake kwenye mwanga. Shavuni, upande wa kushoto, palikuwa na baka jeupe, na pembeni ya ulimi, palepale vifinyo vilipolazwa miaka yote hiyo, nyama ilikuwa imeinuka, ngumu, yenye kingo kama kidonda kilichokataa kupona. Kopo akamuuliza kwa sauti ya chini kama panauma.

"Hapaumi," alisema baba yake. "Ndiyo maana sikusema. Kilianza kama kipele. Nikadhani nimejing'ata."

Hospitali hawakuchelewa kujua. Daktari aliuliza alikuwa akiweka upande gani, na Fundi Ulimi, maskini, akaonyesha kwa kidole kwa namna ya mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga. Wakakata kipande kidogo cha kupima, wakawaita tena. Daktari alizungumza zaidi na Kopo kuliko na mgonjwa, na hilo peke yake lilikuwa jibu. Wataukata ulimi, sehemu yake kubwa. Baada ya hapo wataangalia. Hakuahidi kitu.

Siku chache kabla ya kulazwa, mzee alitaka aketi karakanani. Mzee wa Saa alivuka barabara akaja kukaa naye, hawakuombana msamaha, walitazama tu watu wakipita. Alipoondoka, Fundi Ulimi alimwambia binti yake kwamba robota jeusi aliuze, Mkwe amekufa, abaki na Shemeji. Kopo alisema sawa. Alikuwa anachambua majani, na tangu siku ile ya dirishani shavu lake lilikuwa tupu, hata baba asipokuwapo. Mikono ilikuwa mizito.

"Kopo," baba alisema. Maneno yalimtoka kwa taabu, maana ulimi ulikwisha kuwa mzigo. "Nikuulize, usinifiche. Wewe hukuwahi kuiweka mdomoni?"

Kopo alimtazama. Macho ya mzee yalikuwa yamemkazia kwa namna ambayo hakuwahi kuiona, macho ya mtu anayetafuta pa kushika.

"Sijawahi, baba."

Fundi Ulimi alishusha pumzi ndefu, akaegemea ukuta, akafumba macho kama zamani.

"Nilikukataza kwa wivu," alisema. "Niliogopa ulimi wako utakuja kuupita wangu. Kumbe Mungu alikuwa anakuokoa kwa roho yangu mbaya."

Kopo alitabasamu ili amridhishe. Akainamia majani yake, akatoa uti wa jani moja, akaliweka kando, akashika lingine. Ndani ya mdomo uliofungwa ulimi wake ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea kwenda tangu miezi ya baridi, mpaka shavu la kushoto, karibu na jino la mwisho, ukakikuta kile kipele. Kilikuwa hapo. Hakikuwa kinauma.