Wingu Lililokwenda Nzega

Recheli Lugembe wa Ntalikwa ana ugonjwa mmoja ambao hospitali zote za Tabora hazina dawa yake: kuuliza. Ana miaka hamsini na tisa, mjane, mkulima wa karanga na viazi, mwalimu wa shule ya Jumapili katika kanisa la Moraviani, na kila aendapo kanisani kwapani ana kauntabuku lenye jalada jekundu. Humo ndani ameandika maswali atakayowauliza watu wa Biblia siku akifika mbinguni. Amefikia swali la mia mbili na kumi na nne, na Mungu amjalie maisha marefu, maana wa huko juu nao wanahitaji kujiandaa.

Si watu wakubwa anaowataka. Musa na Daudi wanamtosha walivyo, tena wana watu wengi wa kuwasemea. Recheli anawatafuta wale walioingia kwenye mstari mmoja, wakafanya jambo lao na kutoka bila hata kutajwa jina. Yule kijana mwenye mikate mitano na samaki wawili: mama yake alimfungia chakula cha watu wangapi, na jioni aliporudi nyumbani alieleza nini? Yule mjane wa Sarepta aliyempikia Eliya: unga ulijaa pipa, au kila asubuhi alikuta konzi moja tu chini kabisa? Hilo la pipa lilimsumbua miaka. Kama lilijaa, basi mjane alilala usingizi. Kama ilikuwa konzi moja, basi kila alfajiri aliona chini ya pipa kwa macho yake na bado akawasha moto. Mchungaji Zablon, mtu mpole, alijibu kwamba Maandiko hayasemi. Siku hizi akiliona kauntabuku jekundu linakuja, hukumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa kule Cheyo hajamtembelea.

Tabia hii ina asili yake. Shamba lao limepakana na ile njia ya kale ya misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora kwenda Ujiji, na mpaka leo jembe likizama vizuri huibua shanga, nyekundu na buluu, ambazo hakuna anayejua zilivaliwa na nani. Bibi wa mama yake Recheli aliletwa na njia hiyo, binti mdogo, mateka. Alishikwa na homa, msafara ukamwacha, na Wanyamwezi wakamlea. Jina alilopewa kwao alikotoka halikubaki kwa mtu yeyote. Ndiyo maana Recheli akifika pale kwa yule binti mtumwa nyumbani kwa Naamani, aliyetekwa toka kwao na bado akamtakia bwana wake uzima, husoma polepole na kufuta macho, halafu huandika swali jingine.

Nyumbani anaishi na wifi yake, Adelina, dada wa marehemu mumewe Nestory. Adelina ni mjane pia, Mkatoliki, mkubwa kwa Recheli miaka saba, na mtu wa maneno machache yenye ncha. Recheli akisoma Biblia barazani, Adelina huchambua mchicha. Recheli akiuliza, Adelina hujibu kwamba yeye hayupo humo kwenye kitabu, waulizwe waliomo. Wanapendana sana, ila ukiwasikia kwa mbali utadhani wanagombania mpaka wa shamba.

Sasa, mwaka huo mvua zilichelewa. Novemba ikaingia, ardhi ngumu, miembe imekwisha kuzaa na bado jua linawaka. Recheli alikuwa anawafundisha watoto habari ya Eliya kule mlima Karmeli, alivyomtuma mtumishi wake apande atazame upande wa bahari. Mtumishi akaenda, akarudi, akasema hakuna kitu. Mara sita. Mara ya saba akaona wingu dogo, kadiri ya mkono wa mtu. Recheli alilala na huyo mtumishi kichwani siku tatu. Alikuwa anafikiri nini mara ya tano? Je, hakuona haya kurudi tena mikono mitupu kwa nabii?

Siku ya nne akapanda kichuguu.

Nyuma ya nyumba yao kuna kichuguu kikubwa, urefu wake umeupita ukingo wa bati, na Tabora kulivyo tambarare, hiyo ndiyo Karmeli yao. Recheli akasimama juu, khanga kiunoni, akatazama mashariki. Na kweli, mbali kabisa juu ya miombo, kulikuwa na wingu. Dogo, jeusi chini, jeupe juu. Alishuka mbio hata kandambili moja ikabaki juu.

"Wifi! Mvua inakuja!"

Adelina alikuwa amekaa palepale anapokaa siku zote, kwenye kona ya sebule, anashona pindo. "Umeiona?"

"Nimeona wingu."

"Nimeuliza mvua."

Recheli hakumsikia, au alisikia akapuuza. Mbegu ya karanga ina masharti, na kila mtoto wa Ntalikwa anayajua. Hukaa ndani ya maganda yake mpaka mvua inyeshe na udongo ulowe. Unazamisha mkono shambani, unyevu ukifika kwenye kifundo, ndipo unamenya, na kesho yake unapanda. Ukimenya mapema, karanga haina tena nguo yake. Joto linaikausha, wadudu wanaiona, na ganda lililovunjwa haliungiki. Recheli aliyajua haya tangu anyonye. Lakini alikuwa ameona wingu, tena baada ya kusoma habari ya wingu, na ilimwelea kwamba kusubiri kupima udongo kungekuwa kumtilia Mungu shaka.

Alimenya gunia zima la mbegu kwa siku mbili, vidole vikachubuka. Hilo pekee lingekuwa la kwake. Lakini Alhamisi alisimama kwenye ibada ya akina mama, akasimulia kwa furaha kichuguu na wingu, akamaliza: "Menyeni mbegu, kina mama. Mvua ni wiki hii." Levina akamenya. Julieth naye, mwenye watoto watano na shamba la kukodi, akaenda akamenya yote.

Wingu likaenda kuwanyeshea watu wa Nzega.

Wiki ikapita, ya pili ikapita. Recheli alizihifadhi karanga kwenye mfuko wa nailoni juu ya dari, chini ya bati, mahali ambapo mchana panachoma. Wiki ya tatu alichukua kumi, akazifunga kwenye kitambaa kibichi kama bwana shamba alivyowahi kuwaonyesha, akasubiri siku tano. Zikaota tatu. Alikaa na kile kitambaa mapajani, akazihesabu tena na tena kana kwamba kuna moja imejificha. Levina na Julieth nao walijaribu za kwao. Kwa Levina ziliota nne, kwa Julieth mbili.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Mwaka wa Recheli na Adelina unategemea karanga: ndizo zinazoungwa kwenye nsansa, ile mboga ya majani makavu, ndizo zinazobadilishwa na mahindi, ndizo mbegu ya mwaka unaofuata. Na Julieth alikuwa akipita njiani anamwamkia vizuri tu, "Shikamoo mwalimu," bila neno la lawama, na ile heshima ilimwumiza kuliko kutukanwa.

Akaanza kupanda kichuguu kila asubuhi. Alitaka wingu jingine, wingu la kumtoa aibuni. Akishuka, Adelina, kwenye kona yake, huuliza bila kuinua macho: "Umeona nini?"

"Hakuna kitu."

"Haya. Uji upo."

Recheli akaandika kwenye kauntabuku tarehe, na mbele yake: hakuna kitu. Kesho yake tena. Mtumishi wa Eliya alikwenda mara saba. Recheli alivuka saba akafika kumi na tano, akafika ishirini, na akamwambia Mungu waziwazi kwamba hapa wana la kuzungumza. Asubuhi nyingine kulikuwa na utando wa kijivu pembeni mwa mbingu ambao mtu mwenye nia angeweza kuuita wingu. Siku ya ishirini na sita Levina alimkuta pale chini ya kichuguu, akauliza kwa sauti ya kuomba, "Mwalimu, leo je? Hata dalili?" Ulimi wa Recheli ulikuwa tayari. Neno moja tu lingempa Levina siku mbili za furaha. Akalimeza.

"Hakuna kitu, Levina."

Levina akaenda zake, na Recheli akabaki ameshika ukuta wa kile kichuguu, akishangaa. Maana hapo, bila kutazamia, alikuwa amelijibu swali lake mwenyewe. Mtumishi yule hakutumwa kuleta mvua. Hakutumwa hata kuleta matumaini. Alitumwa kutazama na kusema alichokiona. Mara sita akasema hakuna, kwa kuwa hakukuwa na kitu. Mara ya saba akasema kuna wingu, dogo, na akaishia hapo. Habari ya mvua ilikuwa ya Mungu na Eliya.

Alichelewa siku sita kulisema, kwa sababu kulijua jambo ni rahisi na kulitamka mbele za watu uliowaponza ni kazi nyingine. Alhamisi, siku ya thelathini na mbili, alisimama mahali palepale kwenye ibada ya akina mama. Kauntabuku hakulifungua.

"Kina mama, mtumishi wa Eliya alisema wingu. Mimi nilisema mvua. Niliongeza, nikamsingizia Mungu, mkamenya mbegu. Levina, Julieth, nisameheni. Leo asubuhi nimetazama tena, na hakuna kitu. Lakini Mungu namtegemea vilevile, na sina wingu la kuwaonyesha."

Julieth akalia, halafu akaja akamshika mkono, akasema, "Tulimenya wenyewe, mwalimu. Mikono ilikuwa yetu." Mchungaji Zablon, aliyekuwa mlangoni akijiandaa kumkumbuka mgonjwa wa Cheyo, alirudi akaketi.

Recheli alirudi nyumbani miguu mizito. Adelina alikuwa kwenye kona yake, na mbele yake sahani ya matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, imefunikwa.

"Umeona nini?"

"Hakuna kitu, wifi. Na nimewaambia kwamba hata ile mara ya kwanza sikuona mvua. Niliona wingu."

Adelina akaacha kushona. Akainuka, mkono mmoja kiunoni, akaiondoa ile khanga kuukuu aliyokuwa ameikalia, na ubao uliokuwa chini ya khanga. Chini ya ubao kulikuwa na kilindo, lile pipa la gome la mti la mama mkwe, ambalo Recheli alijua ni tupu tangu msiba wake. Lilikuwa limejaa karanga, zote na maganda yake.

Recheli alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ndoa na ujane wake hakupata swali.

"Mama alikuwa akifanya hivi," Adelina akasema. "Kila mavuno anatoa fungu, analificha, anayeshika jembe haambiwi. Anayeshika jembe ana haraka. Mwaka huu nilitoa mimi."

"Na siku zote hizi umenitazama napanda, nashuka?"

"Ningekwambia ukiwa na wingu lako kichwani, ungezimenya na hizi." Akakaa sasa kwenye mkeka, akijisugua magoti. "Nilikuwa nangoja ushuke, wifi. Nami mgongo umeniuma, hicho kiti si kiti."

Recheli akacheka, akalia, vyote kwa pamoja, na akamwita wifi yake majina ambayo mwalimu wa shule ya Jumapili hapaswi kuyajua. Kisha wakagawa kwa bakuli: fungu la kwao, la Levina, la Julieth. Kila mmoja akapata pungufu ya alichohitaji, na hakuna aliyekosa. Waliambiwa lile sharti la kifundo na Adelina mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kulivunja.

Mvua ilikuja Jumamosi mchana. Recheli alikuwa juu ya kichuguu, amekaza macho mashariki, na ikamjia kwa nyuma, kutoka magharibi, ikamlowesha mgongo kabla hajageuka. Jioni Adelina alitoka shambani amekunja mkono wa gauni, akauinua hewani, udongo mweusi umefika kwenye kifundo. Ndipo wakaanza kumenya.

Kabla ya kulala Recheli alifungua kauntabuku. Mistari thelathini na nne ilikuwa imepangana, tarehe kwa tarehe, hakuna kitu, hakuna kitu. Alifikiri kuifuta, akaiacha, kwa kuwa ndivyo alivyoona kutoka kule juu, na alikuwa amesema kweli. Ila chini yake, kwa mwandiko uleule, akaongeza mstari mmoja, na safari hii haukuwa swali.

Aliandika: Kilikuwapo. Wifi alikuwa amekikalia.