Mawe Yaliyoyeyuka Juu ya Ungo

Mwanangu, siku moja, enzi hizo tumbo langu nalionea fahari, nilikunywa bakuli zima la mafuta ya karanga yaliyochanganywa na ndimu. Kwa hiari yangu, na akili timamu. Cheka tu, mimi nimekwisha kucheka.

Kisa kilikuwa mawe ya nyongo. Kila nikila nyama ya mafuta, maumivu yananikamata chini ya mbavu za kulia mpaka begani. Hospitali wakanipima, wakaona mawe ndani ya kifuko cha nyongo, wakasema kitolewe. Nikalale wodini, mimi? Mimi nikifika Mtendeni tu, mtaa wa jirani, kiti changu cha nyumbani kinaniita. Ndipo muuza asali mmoja wa Sikonge akaninong'oneza dawa ile ya mafuta.

Kesho yake nilitoka chooni kama mshindi. Vidonge vya kijani, vingi! Nikaviosha, nikavianika uani juu ya ungo, nikaita majirani. Jua la Tabora halina adabu: kufika saa sita mawe yangu yalikuwa yanatambaa.

"Baba Kulwa," mke wangu akauliza, "mawe gani haya yanayoyeyuka kama sabuni?"

Kumbe yalikuwa mafuta yaleyale niliyokunywa, yamegandamana tumboni. Na ungo ulikuwa wake.

Siku chache baadaye macho yakawa ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Daktari, binti wa umri wa wanangu, akasema jiwe limeziba njia, nyongo inarudi kwenye ini, na ini likiachwa hivyo linaharibika. Mke wangu akaacha utani. Hapo nikaogopa kweli, maana yule mama hutania hata msibani.

Bado nikabisha. Nimechinja mbuzi wa sikukuu wengi, najua: kifuko kikipasuka, ini lote chungu, hata mbwa hanusi.

"Daktari, kisu kikiteleza, ini langu si litakuwa chungu?"

"Baba, kwani nani anataka kulila?"

Alipomaliza kucheka akanieleza taratibu. Nyongo hutengenezwa na ini lenyewe; kifuko ni kibuyu tu cha kuitunzia. Kikitolewa, ini linaendelea na kazi yake, nyongo inashuka moja kwa moja utumboni. Basi wakazibua njia, wakakitoa. Wiki kadhaa vyakula vya mafuta vilinikimbiza chooni, kisha tumbo likazoea, macho yakarudi meupe, nami nikarudi kwenye kiti changu.

Mwanangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Ukiona macho yamegeuka njano, usiulize muuza asali. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiogope kukosa kifuko, ogopa njia ya ini kuziba. Wala usidhani kwamba kifuko kikiondoka ini nalo limepewa likizo: pombe, sukari na mafuta yaliyozidi bado yatalifikia palepale lilipo.

Mungu akujalie afya ya kula jasho lako, na mtu wa kukuzuia ukizidisha. Mimi ninaye: Mama Modesta, jirani yetu mkaanga maandazi. Kwenye karamu ya kushukuru kupona kwangu, nilinyoosha sahani niongezewe nyama ya kukaanga mara ya tatu. Akaipokonya mbele ya wageni wote:

"Baba Kulwa, kifuko wamekutoa, ulafi wamekuachia!"